UZI: Siku nzima ya "boi" na mpishi wa nyumba za wazungu, kuanzia 1900 hadi 1930 hivi. Njooni na za wazee wenu

Mjukuu wa Mpishi (mleta uzi):

Wakuu habari zenu, na wakubwa wote shikamooni.

Huu uzi nimeuahirisha miaka. Mwezi uliopita tumemzika shangazi yake baba, ndo alikuwa wa mwisho kwenye ukoo wetu aliyemwona babu mkuu kwa macho, tukarudi kutoka makaburini nikakaa barazani nikasema hapana, nisipoandika sasa hivi haya mambo yanaenda chini na watu wake.

Babu mkuu, yaani baba yake babu yangu, alikuwa mpishi wa wazungu. Mbondei, kwetu Muheza, alishuka Tanga akiwa kijana enzi za Mjerumani akaanza kwa kusugua masufuria, akapanda mpaka akawa mpishi kamili, akawapikia Wajerumani, ikaja vita, akaja Mwingereza akampikia na huyo, mpaka moshi ulipomwondolea macho. Babu yangu kazaliwa kwenye banda la uani nyuma ya nyumba ya bwana, na akiwa na miaka saba nane alikuwa mtoto wa jikoni chini ya baba yake mwenyewe. Haya ninayoandika ni ya babu, alinisimulia jioni nyingi sana, na alikuwa hapendi kukatishwa.

Kinachoniuma zaidi ni hilo neno boi, la Kiingereza, maana yake mtoto wa kiume. Babu mkuu ana ndevu, ana wake wawili, ana watoto watano, jioni anasomesha watoto wa mtaa Kurani wanamwita mwalimu, halafu akivuka ule ua kuingia upande wa bwana anaitwa boi. Mtoto wa bwana wa miaka sita anamwita boi. Na yeye anaitika.

Kwanza, kwa nini watu walienda kwenye hizo kazi. Kodi. Mjerumani alianza kutoza kodi ya nyumba 1898, vijijini rupia 3 kwa mwaka, mwanzoni waliruhusu ulipe hata kwa mazao, baadaye wakataka pesa taslimu. Sasa pesa utaitoa wapi kijijini Bonde? Ama mashamba ya mkonge, ama kubeba mizigo, ama kwa mzungu nyumbani. Hata hili neno hela tunalotumia kila siku ni la wakati huo, 1904 rupia ya Mjerumani ikagawanywa heller 100, wazee wakaitamka hela, na ndo mpaka leo "sina hela".

Nyumba ya mzungu mmoja tu asiye na mke ilikuwa na boi, mpishi na mtoto wa jikoni. Akiwa na mke na cheo ndo wanaongezeka, boi wa mezani, boi wa chumbani, dobi, mchota maji, saisi wa kumtunza farasi au punda, topasi wa kuondoa ndoo ya choo usiku, mlinzi. Kila mtu na kazi yake na hakuna anayegusa ya mwenzie, mpishi hafagii na boi hapiki, na topasi kwa masikitiko makubwa hata maboi wenzake walikuwa hawali naye.

Siku yenyewe sasa. Saa kumi alfajiri mtoto wa jikoni anaamka kuwasha moto. Jiko lilikuwa jengo la peke yake nyuma, mbali na nyumba kubwa, kwa ajili ya joto na moto, kwa hiyo kila sahani ilivuka ua mikononi, jua liwake au masika yapige. Kuni za mkoko, zinawaka vizuri ila moshi wake mchungu. Saa kumi na moja na nusu chai ya kwanza inapelekwa kitandani, boi anaingia bila viatu. Viatu mle ndani ilikuwa marufuku kwa mtumishi, miguu mitupu mwaka mzima, na ukipita ukasikika umekosa.

Halafu maji. Hakukuwa na bomba la ndani. Maji ya kuoga yanachemshwa kwenye debe, lile debe la mafuta ya taa la galoni nne, linabebwa mawili mawili kwa mti begani mpaka kwenye beseni kubwa la bati. Maji ya kunywa yanachemshwa, yanapozwa, yanachujwa, yanajazwa chupani. Nilimuuliza babu debe lilikuwa na kazi ngapi, akaniambia mjukuu wangu bila debe wazungu wasingekaa hii nchi. Ndoo ni debe, oveni ni debe, sufuria ya kufulia ni debe, ukilipasua unaezeka banda lako.

Asubuhi mama wa kizungu anafungua stoo. Funguo zinakaa kiunoni kwake. Anapima sukari, unga, chai, mafuta ya taa, kwa kikombe, mbele yako, halafu anafunga. Chupa za pombe kali zilipigwa alama kwa penseli pale kimiminika kilipoishia. Mpishi anapewa pesa za sokoni anaenda na kapu, akirudi anahesabu kwa kichwa, samaki hela kadhaa, kuku hela kadhaa, mayai, ndimu, na babu mkuu alikuwa hajui kuandika kizungu ila hesabu ya siku thelathini alikuwa nayo kichwani na haikuwahi kupotea. Ukipungua hela tano unaitwa mwizi.

Kuku wa kienyeji ni mgumu, mnajua. Alikuwa anamfunga kwenye majani ya mpapai saa kadhaa kabla ya kumbanika, nyama inalainika kama ya kifaranga, na bwana akiwasifia wageni anasema mke wangu ana mapishi mazuri.

Mchana wanalala. Nyumba nzima inalala isipokuwa dobi, maana nguo zilizoanikwa lazima zipigwe pasi pande zote mbili, nje na ndani, mpaka mishono, kwa sababu ya yule nzi anayetaga kwenye nguo mbichi, funza wake wanaingia kwenye ngozi. Pasi ya mkaa. Anaipeperusha, anatema mate kidogo kusikia inavyolia, na cheche moja ikidondoka kwenye shuka la mezani mshahara wa mwezi umeondoka.

Jioni saa kumi na mbili taa. Chemli zinasafishwa kwa majivu na kitambaa, tambi inakatwa sawasawa isitoe moshi, vyandarua vinateremshwa na kuchomekwa chini ya godoro. Chakula cha usiku kinaanza saa mbili, boi wa mezani anasimama nyuma ya kiti, amevaa kanzu nyeupe na kofia nyekundu, hazungumzi. Kinaisha saa nne. Vyombo vinaoshwa. Mtoto wa jikoni analala saa tano, na saa kumi anaamka tena. Miaka saba nane huyo.

Nitaendelea kesho, kuna habari ya funza na ya barua. Leteni na nyinyi.

Wa Ng'ambo:

Ahsante sana kaka, umenitoa machozi hapo pa mtoto wa jikoni. Mimi wa Unguja, naomba niongeze upande wetu, maana kwetu utumishi haukuanza na mzungu.

Bibi yake bibi yangu alikuwa kijakazi wa nyumbani, mzalia, yaani kazaliwa utumwani hapahapa, kwenye nyumba ya mawe mjini. Utumwa Unguja ulifutwa kisheria 1897 lakini usidhani siku hiyo watu walitoka milangoni. Ilibidi mtumwa mwenyewe aende kortini aombe uhuru wake, na akishaupata akipoteza pa kulala inakuwa juu yake. Masuria hawakuhesabiwa kabisa kwenye ile sheria, wao mpaka 1909. Pwani ya Kenya ilikuwa 1907. Kwenu bara Mjerumani hakufuta, alisema tu watoto watakaozaliwa baada ya 1905 ni huru, ukaja kufutwa na Mwingereza 1922. Kwa hiyo hiyo miaka unayoizungumza, kwenye mtaa mmoja unamkuta mpishi wa mshahara kwa balozi, na mlango wa pili kijakazi anayetwanga na kuchota maji bila mshahara, na wote wanakutana kisimani.

Bibi alihadithia kwamba kijakazi alivaa kaniki, nguo nyeusi, na kichwa wazi. Buibui, kanga nzuri, viatu, hivyo vilikuwa vya waungwana. Walipopata uhuru jambo la kwanza walilofanya wengi ni kununua kanga jozi na kuhamia huku Ng'ambo. Na wanaume hivyohivyo, kanzu na kofia ndio uungwana wenyewe. Sasa umenifanya nifikirie jambo sijapata kulifikiria. Mtu kahangaika miaka apate kuvaa kanzu nyeupe kama muungwana, mzungu akaifanya kanzu hiyohiyo sare ya boi. Na viatu akavivua tena mlangoni.

Halafu wazungu wa Unguja walipenda sana kuajiri Wangazija, watu wa Komoro, wapishi na maboi wa mezani, walisifika kwa usafi na upishi. Mpaka leo kuna familia za mjini zinajulikana kwa mkono wa kupika na ukifuatilia utasikia babu alikuwa kwa balozi fulani.

Mjukuu wa Mpishi:

Dada yangu, hapo pa kanzu umeniacha mdomo wazi. Babu mkuu alikuwa na kanzu mbili, ya kazini na ya msikitini, na babu anasema hakuwahi kuzichanganya hata siku moja, hata ya msikitini ikiwa imelowa. Nilidhani ni usafi tu.

Mkamba wa Pumwani:

Salamu kutoka Nairobi. Huu uzi nimeupata kwa mjomba, nimeusoma kwa matatu nikapitisha stegi.

Huku kwetu mambo yalikuwa na ukali wake. Nairobi ilianza 1899 kambi ya reli, na 1906 tayari kulikuwa na sheria ya mabwana na watumishi, yaani ukiacha kazi kabla mkataba haujaisha si kesi ya madai, ni jinai, unafungwa. Boi akitoroka kwa sababu amepigwa, polisi wanamtafuta yeye.

Kisha kipande, kitambulisho cha lazima cha mfanyakazi. Sheria ilipita 1915, ikaanza kutumika sawasawa baada ya vita, 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu, alama za vidole, jina la mwajiri, siku aliyoingia na siku aliyotoka. Kinakaa kwa kakopo ka chuma kanachoning'inia shingoni kwa kamba, Wakikuyu walikaita mbugi, kengele ya mbuzi. Na mwajiri asipotia sahihi kwamba amekuachilia, huwezi kuajiriwa kwingine, wewe ni mtoro. Bwana akikukasirikia anaweka tu kalamu mfukoni, basi maisha yako yamesimama.

Kuchapwa ilikuwa kawaida. Machi 1907 yule setla maarufu Grogan aliwachapa viboko Wakikuyu watatu waliokuwa wakivuta rikisho, kile kigari cha abiria cha kuvutwa na mtu, hadharani, mbele ya korti ya Nairobi, eti walikuwa wametikisa rikisho wakakosea heshima wanawake wa kizungu. Mbele ya korti! Alihukumiwa mwezi mmoja. Na 1923 kule Molo, kijana wa kazi Kitosch alichapwa kwa amri ya mwenye shamba mzungu mpaka akafa kwa sababu alimpanda farasi jike badala ya kumwongoza kwa miguu, na baraza la wazungu mahakamani halikuona mauaji, mwenye shamba alipata miaka miwili.

Lakini watu hawakunyamaza. 1921 masetla walikata mishahara kwa thuluthi moja, kodi ya nyumba ilikuwa imepandishwa 1920 mpaka shilingi 16. Harry Thuku, karani wa simu, akaanza kuyasema hadharani, kipande, kodi, mshahara. Wakamshika 14 Machi 1922. Babu mkuu wetu alikuwa boi wa mezani upande wa Hill, kule walikokaa wazungu, bibi husimulia kwamba asubuhi ile aliandaa meza, akaweka chai, akavua kanzu akaikunja juu ya kiti, akateremka mjini na wengine. Tarehe 16 polisi wakafyatua risasi, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mbele, serikali yenyewe ilihesabu wafu 21. Yeye alirudi akiwa hai. Kanzu akaikuta uwanjani kwenye matope.

Na msisahau Mzee Kenyatta mwenyewe alipokuwa kijana misheni ya Thogoto aliwahi kufanya kazi ya nyumbani na jikoni kwa setla mmoja ili apate ada.

kijana_swali:

Wakubwa shikamooni, nina swali, mbona mnataja wanaume tu? Leo hausigeli ndo kila mahali. Nikitazama picha za Uingereza za zamani watumishi ni wadada wa aproni.

Mjukuu wa Mpishi:

Marhaba mdogo wangu, swali zuri sana. Uingereza kweli ilikuwa kazi ya wanawake, sensa ya 1911 ilihesabu wanawake zaidi ya milioni moja wakitumikia majumbani. Huku wakaja wakachukua wanaume, na sababu ninavyoziona mimi ni hizi, kodi ilimbana mwanamume ndo aliyetafutwa na jumbe, mwanamke ndo alikuwa analima, ukimwondoa shambani familia inakufa njaa, na wazee wetu nao walikataa katakata binti alale nyumba ya mzungu, walijua nini kingetokea na kilikuwa kinatokea. Kwa hiyo mwanamke aliingia kwa mlango wa yaya, kulea mtoto wa kizungu, na hata hao wengi walikuwa watu wazima, wajane. Hausigeli kama tunavyomjua leo ni wa baadaye, baada ya sisi wenyewe kuanza kuwa na nyumba za mjini.

Bi Mkubwa wa Mtaani:

Na Wahindi msiwaruke jamani. Bibi yangu alikuwa akifanya kazi Uhindini Dar. Kufagia, kuosha vyombo vya nje, kupanda ngazi na maji mpaka ghorofani. Jikoni kwao alikuwa haingii kabisa, ni nyumba ya wasiokula nyama, kikombe chake cha chai cha bati kilitundikwa msumarini nje mlangoni, hakichanganyiki na vingine. Miaka kumi na nne, kikombe kile kile. Ila mtoto wao alimlea yeye mgongoni na alipokuwa mkubwa alikuja Kariakoo kumzika.

Na hiyo Kariakoo yenyewe jina lake ni la wapagazi wa vita, ile Carrier Corps ya Mwingereza, kambi ilikuwa pale.

Mjukuu wa Mpishi:

Asante Bi Mkubwa. Hicho kikombe nimekiona.

Narudi sasa kwenye nilichoahidi. Funza kwanza.

Yule funza wa kwenye vidole hakuwepo kwetu zamani, alifika huku miaka ya 1890 kutokea Kongo, akafuata njia za misafara mpaka pwani. Wazungu aliwatesa vibaya. Na anayejua kumtoa ni boi. Jioni baada ya kuoga bwana anakaa kwenye kiti cha uvivu barazani, boi anakaa chini kwenye mkeka, bwana anaweka mguu juu ya paja lake. Chemli karibu. Sindano inapitishwa kwenye moto. Unatafuta kile kidoti cheusi katikati ya uvimbe mweupe, unaanza kufungua ngozi pembenipembeni polepole, mzunguko mzima, bila kugusa katikati, maana ule mfuko wa mayai ukipasuka ndani kidole kinaoza. Ukimaliza mzunguko unabonyeza kwa vidole gumba viwili anatoka mzima kama punje ya mchele. Unamtupa kwenye taa analia "ta!" Halafu unajaza shimo kwa majivu ya tumbaku. Babu alisema baba yake alikuwa na mkono mwepesi kiasi kwamba bwana alikuwa analala usingizi huku anatolewa.

Nimefikiria sana hiyo picha. Mtu analala, mguu wake juu ya paja lako, sindano mkononi mwako, na asubuhi anakuitisha kwa kengele. Na huyohuyo kwa kosa la mezani anaweza kukupeleka bomani na kikaratasi, hujui kilichoandikwa, unakipeleka mwenyewe, unampa askari, unapigwa kiboko 25, hamsa ishirini kama wazee walivyoita, halafu unarudi kupika chakula cha mchana. Babu mkuu alipigwa mara moja. Kosa lilikuwa supu ya chumvi.

Vita ilipokuja, Novemba 1914 Waingereza wakashuka Tanga wakashindwa, ila baadaye Wajerumani walirudi nyuma kusini na kila afisa alibeba boi wake na mpishi wake. Babu mkuu alitembea na masufuria kichwani mpaka Mahenge. Huko akaugua kuhara damu akaachwa njiani. Hakuna aliyemlipa mishahara ya hiyo miaka, na zile noti za Mjerumani alizokuwa nazo zikawa karatasi. Alirudi Muheza kwa miguu.

Sasa barua. Kila mtumishi alikuwa na vyeti vyake, barua za mabwana waliotangulia, anazifunga kwenye kitambaa, akitafuta kazi anazitoa moja moja. Babu mkuu alikuwa na moja ya Kijerumani ya kabla ya vita aliyoithamini kuliko zote, akaihifadhi kwenye kopo la biskuti, na akifika kwa Mwingereza anaitoa hiyo kwanza kwa mikono miwili. Alijua ni ya kumsifia kwa sababu bwana alicheka vizuri alipompa. Tumeirithi. Mwaka jana nikampata mtu anayesoma yale maandishi ya zamani ya Kijerumani akanisomea. Inasema anapika vizuri, mkate wake hasa. Inasema haibi. Halafu mstari wa mwisho unasema anafaa kwa kazi ndefu ilimradi ashikwe kwa mkono mkali.

Miaka ishirini aliibeba hiyo karatasi akawa anampa kila bwana mpya, kwa heshima, maagizo ya jinsi ya kumpiga.

Shangazi hatukumwambia. Alikuwa anaipenda sana ile barua.

Mkamba wa Pumwani:

Pole sana ndugu yangu. Pole kabisa. Nimeshindwa kuandika kwa muda.

Mzee wa Lushoto:

Vijana hamjambo. Mimi ni mtu mzima, naomba nitofautiane kidogo na nisieleweke vibaya. Baba yangu pia alikuwa boi huku Lushoto, Wilhelmstal ya wakati ule. Aliijenga nyumba ya bati ya kwanza kijijini kwetu kwa mshahara huo, alijua kusoma kwa sababu ya kazi hiyo, akatusomesha. Hakupenda kuonewa huruma. Alikuwa akisema mimi nilikuwa fundi. Ukimwita mtumwa angekufukuza barazani.

Mjukuu wa Mpishi:

Shikamoo mzee wangu. Nimekuelewa na nakubaliana na wewe moja kwa moja, wala sidhani tunatofautiana. Ufundi wao ndo nautaka uandikwe. Babu naye alikuwa hapendi nimwonee baba yake huruma, alitaka nijue alivyokuwa anaweza kupika chakula cha watu kumi na wawili kwa mafiga matatu na debe, sahani zote zikafika mezani za moto na zimevuka ua wakati wa mvua. Hilo haliwezi mtu asiye fundi. Ninachokataa mimi ni fundi huyo kuitwa mtoto, kulala kwenye chumba cha futi kumi kwa nane na familia nzima, na jina lake lisiandikwe popote.

Na hicho chumba mnakijua. Boi kota. Ukijenga leo Dar fundi anakuuliza chumba cha dada kikae wapi, unamwonyesha nyuma karibu na tangi, kidirisha juu, mlango unaangalia jikoni. Nairobi mnaita SQ, servants' quarters. Nimepanga kwenye nyumba yenye hicho chumba miaka minne na dada aliyekuwa akitusaidia alilala humo, kabla sijauliza lile joto usiku anavumilia vipi. Tukamhamishia chumba cha ndani. Mke wangu ndo aliyeanza kusema.

Wa Ng'ambo:

Mungu ambariki mkeo. Kaka, nina ombi moja dogo, na najua si mimi tu. Huo mkate wa kwenye debe ulioandikwa mpaka kwenye barua ya Mjerumani, mnajua bado kuupika?

Mjukuu wa Mpishi:

Tunajua dada yangu. Shangazi marehemu aliupika mpaka mwaka juzi, na mimi aliniweka pembeni yake kwa lazima. Naandika kama alivyonionyesha.

Unga wa ngano, chumvi, na tembo la mnazi la asubuhi likiwa bado tamu, ndo hamira yao ilikuwa hiyo. Leo tunatumia hamira ya dukani na maji ya madafu. Unakanda usiku mpaka donge liache kushika mikono, unalifunika na kitambaa kilicholowa halafu blanketi juu, linalala pamoja na wewe. Alfajiri limepanda, unalikanda tena kidogo tu, unaligawa.

Debe linalazwa ubavu, ndani mchanga mkavu vidole viwili na kibati juu ya mchanga. Chini makaa machache, juu ya debe makaa mengi, mlango wake ni kipande cha bati. Usiweke mkate kwanza. Ingiza mkono mtupu, hesabu polepole, ukifika kumi bado unastahimili moto mdogo, ukishindwa kabla ya tano moto umezidi, ondoa makaa ya juu. Saba ndo penyewe. Babu mkuu saa zote alihesabu kwa Kibondei.

Ukishaingiza usifungue mpaka harufu itoke yenyewe ije mpaka ulipokaa. Hapo toa mkate, ugeuze, ugonge chini kwa kifundo cha kidole. Ukilia mzito rudisha. Ukilia kama ngoma umeiva, ufunike na kitambaa, usikate mpaka upoe.